Namna ya kuzisoma familia za Kiajemi zilizoshika kalamu ya Baghdad, bila ya kupotea kwenye majina

Asalam aleykum jamaa. Hii kitu vijana wa tuisheni wananiuliza kila siku, na juzi tena kibarazani baada ya Isha, kahawa ishamiminwa, mzee mmoja akanambia, "Mwanangu, huyo Jaafar waziri wa Harun Rashid tuliekuwa tukihadithiwa na bibi zetu kwenye Alfu Lela, alikuwepo kweli au ni ngano tu?" Nikamwambia alikuwepo, babu, na babaake alikuwepo na babu yake vile vile, tena asili yao ni Balkh huko Khurasan, na yaliyomkuta ni mazito kuliko ya kwenye ngano. Baraza zima likageuka kunitazama. Basi naandika hapa namna mie nnavyoisoma na kuisomesha hii mada, kwa sababu naona watu wengi wanaipenda halafu wanaiacha njiani, majina yanawashinda, Fadhl bin huyu, Hasan bin yule, mpaka kichwa kinauma.

Tafuta karatasi moja kubwa ya manila, zile wanazouza Darajani, na peni mbili, nyekundu na buluu. Nyekundu ni ya serikali: nani alikuwa waziri, nani alikusanya kodi, nani alitawala mji gani. Buluu ni ya elimu: nani alilipia tafsiri, nani alijenga maktaba au hospitali, nani alipima nyota. Utaona wenyewe zinavyoingiliana, kwa sababu pesa iliyotoka kwenye wino mwekundu ndio iliyonunua wino wa buluu, na hii ndio siri ya mada nzima, ukiishika hii hupotei tena.

Usianze na makhalifa. Najua skuli tumesomeshwa hivo, Saffah, Mansur, Mahdi, Hadi, Rashid, unakariri kama hesabu ya jedwali halafu mtihani ukisha umesahau. Anza na ramani. Chora Tigris na Frati, tia Basra, Kufa, Madain na Baghdad. Halafu nenda mashariki mbali, tia Rayy, Nishapur, Merv, Herat, Balkh, Bukhara. Chini kule Khuzistan tia Gundeshapur. Ufunguo wake ni huu, nchi za Ajemi za zama zile hazikuwa Iran ya leo tu, Balkh na Herat leo zimo Afghanistan, Merv imo Turkmenistan, Bukhara imo Uzbekistan. Ukitafuta kwenye simu kwa kuandika "Iran" peke yake nusu ya watu hawa huwapati.

Ramani ikishakaa sawa jiulize suali moja tu: Waislamu walipoiteka Iraq na Ajemi, nani alijua kuhesabu kodi? Vita vya Qadisiya vilikuwa karibu na mwaka 636, Nahawand 642, na mfalme wa mwisho wa Kisasani, ukoo uliotawala Ajemi kabla ya Uislamu, Yazdgerd wa tatu, akauawa karibu na Merv mwaka 651. Jeshi limeshinda, sawa, lakini shamba gani linatoa nini, mfereji upi unanywesha kijiji gani, nani kalipa na nani hajalipa, hayo yote yalikuwa kwenye vichwa na madaftari ya watu wa pale pale. Kule mashamba walikuwepo wale walioitwa madihkani, mabwana wa vijiji, wao waliendelea kukusanya kodi kama zamani ila sasa wakimpelekea amiri wa Kiislamu. Na Sayyidna Umar alipoanzisha diwani, yaani daftari la majina ya wanajeshi na haki zao, neno lenyewe ni la Kiajemi. Sisi huku diwani ni mheshimiwa wa wadi au kitabu cha mashairi, kule maana yake ya mwanzo ilikuwa orodha, ikaja ikawa ofisi ya orodha.

Sasa hapa tulia, usipite mbio, kwa sababu kuna kisa kimoja ukikisoma vizuri umeielewa mada nusu. Karibu na mwaka 700, Iraq iko chini ya Hajjaj bin Yusuf, amiri wa Bani Umayya, na hesabu zote za kodi za Iraq bado zinaandikwa kwa Kiajemi, miaka sitini na kitu tangu ushindi. Mkuu wa hesabu ni Mwajemi anaitwa Zadanfarrukh. Ana msaidizi wake, Salih bin Abdurrahman, mtoto wa mateka wa Sijistan, anaandika Kiarabu na Kiajemi. Hajjaj akaanza kumpenda Salih. Salih akaona vibaya akamfata mkubwa wake akamwambia, wewe ndie uliyenifikisha kwa Amiri, naogopa atakuja kuniweka mbele yako. Zadanfarrukh hakushtuka, akamjibu kuwa Amiri ananihitaji mie zaidi ya nnavyomhitaji yeye, hana mtu mwengine wa kumfanyia hesabu zake. Salih akasema mie nikitaka kuzigeuza kwa Kiarabu nazigeuza. Haya, geuza mistari miwili mitatu nione. Akageuza. Yule bwana akatazama, akaona kweli, akamwambia Salih jifanye mgonjwa. Salih akajilaza nyumbani, Hajjaj akatuma tabibu wake akamtazame, tabibu hakuona maradhi yoyote.

Zadanfarrukh akaja akauawa kwenye fitna ya Ibn al-Ashath, jemadari aliyemuasi Hajjaj, Salih akapewa nafasi, na Hajjaj akaamuru hesabu zigeuzwe. Mtoto wa marehemu, Mardanshah, akaja kumbana kwa masuali, vile vipande vidogo vidogo vya hesabu utaviandika vipi kwa Kiarabu? Salih akamjibu kimoja kimoja. Wanasimulia kuwa Waajemi walimtolea dirham 100,000 aseme tu imeshindikana, akakataa. Kule Khurasan Kiajemi kiliendelea mpaka 742 hivi. Muone watu wanaonunua ukimya wa karani mmoja kwa dirham laki moja, hapo ndio utajua daftari lilikuwa na thamani gani. Na Salih mwenyewe hakuumaliza ustadi wa Kiajemi, aliuhamisha, makarani wa Iraq waliokuja baadae wengi walikuwa wanafunzi wake. Lugha ilibadilika, mikono ikabaki ile ile.

Kutoka hapo ndio unaingia kwa Bani Abbas, makhalifa waliowaondoa Bani Umayya, 750, na hapa nakwambia chagua ukoo mmoja tu uufate kuanzia babu mpaka mjukuu. Usichukue saba kwa mpigo. Chukua Baramika, nyumba ya yule yule Jaafar wa Alfu Lela.

Kwenye manila kila mtu muandikie vitu vitatu chini ya jina lake: kashika kazi gani, nani alimlea au kaoa wapi, na kaitia pesa yake kwenye elimu gani. Barmak mwenyewe halikuwa jina la mtu, lilikuwa cheo cha mkuu wa Nawbahar, hekalu kubwa la Kibudha pale Balkh, na hekalu lile lilikuwa na mashamba, kwahiyo hawa watu walizoea kusimamia mali kabla hata ya kusilimu. Khalid bin Barmak akaingia kwenye harakati za Bani Abbas kule Khurasan, akashika hesabu na mgao wa ngawira za jeshi, dola ilipopatikana akapewa diwani ya kodi.

Kuna kisa chake nakipenda sana. Mansur anajenga Baghdad, mwaka 762, anataka kulivunja jumba la Kisra la Madain achukue matofali. Akamuomba Khalid ushauri. Khalid akamwambia usilivunje, hii ni alama ya Uislamu, mtu akiliona anajua watu wenye nguvu kama hizi hawakuondoshwa na jambo la kidunia. Mansur akamwambia wewe unawapendelea tu Waajemi wenzako, akaamuru livunjwe. Wakaanza, wakaona gharama ya kuvunja na kubeba inazidi kufyatua matofali mapya. Akarudi kwa Khalid, nifanyeje? Khalid akamwambia sasa endelea, lisije likasemwa kuwa umeshindwa kuvunja walichokijenga wao. Mansur akaliacha, na ile tao mpaka leo ipo kusini ya Baghdad. Mwandikie Khalid kwa wino mwekundu lakini kisa hiki kitie kwenye duara, kwa sababu ndani yake kuna lile suali lililowafata hawa watu maisha yao yote: wewe ni mtu wetu au mtu wa kwenu?

Mtoto wa Khalid ni Yahya, na hapa ndio ile safu ya pili, nani alimlea nani, inafanya kazi. Yahya alikuwa mlezi na mwalimu wa Harun toka Harun mdogo. Mamaake Harun, Khayzuran, na mke wa Yahya walinyonyeshana watoto, kwahiyo Harun na Fadhl bin Yahya walinyonya ziwa moja. Sisi huku hatuhitaji kuelezwa uzito wa hilo, ndugu wa ziwa ni ndugu, hata kuoana hamna. Harun alipokuwa khalifa 786 alimwita Yahya "baba" na akamkabidhi muhuri. Miaka 17 dola kubwa kuliko zote za zama zile iliendeshwa na nyumba moja, Yahya na wanawe, Fadhl akitumwa kutawala Khurasan, Jaafar akiwa msiri wa khalifa mchana na usiku.

Chukua peni ya buluu sasa, kwa sababu kwa Yahya inajaa. Aliagiza tafsiri ya kitabu cha nyota cha Ptolemy kwa Kiarabu, ile Almajesti, na tafsiri ya mwanzo haikumridhisha akaitia mikononi mwa wengine waisahihishe. Alileta matabibu wa Kihindi Baghdad, vitabu vya utabibu vya Kihindi vikatafsiriwa, na hospitali ya Baramika ilisimamiwa na tabibu wa Kihindi. Alimtuma mtu aende India akalete dawa za miti na aandike khabari za dini za kule. Ukifikiri, mtu ambae wahenga wake walikuwa wakuu wa hekalu la Kibudha anauliza khabari za India, hapo hapo unaona asili ya mtu inavyoongoza udadisi wake. Na Fadhl anatajwa kuwa ndie alieshauri karatasi itumike ofisini badala ya ngozi. Karatasi jamaa! Ngozi ilikuwa ghali, karatasi ikashusha bei ya kuandika, wanufaika wakawa makarani na wanavyuoni pamoja.

Halafu ikaja usiku ule wa Januari 803. Kwenye Alfu Lela Harun, Jaafar na Masrur wanatembea pamoja usiku Baghdad, wamejibadilisha nguo. Kwenye historia, Masrur, mtumishi wa Harun, ndie aliyetumwa na Harun kukichukua kichwa cha Jaafar. Kiwiliwili kikakatwa, vipande vikatundikwa kwenye madaraja matatu ya Baghdad. Yahya na Fadhl wakafungwa, mali zikachukuliwa. Yahya akafa jela kule Raqqa 805, Fadhl 808, na Harun mwenyewe 809. Nilipofika hapa kibarazani yule mzee aliweka kikombe chini, akasema tu "La haula", na hakukichukua tena.

Mtego mkubwa ni hapa, na lazima niuseme: utakutana na kile kisa cha Abbasa, dada wa Harun, kuwa Jaafar alioana nae kwa siri na ndio sababu ya kuuawa. Kinapendwa sana mitandaoni kwa sababu ni cha mapenzi. Mwanahistoria Ibn Khaldun alikipinga karne nyingi zilizopita, akasema sababu ni kuwa walishika dola na mapato yake mpaka khalifa akawa anaomba pesa kidogo haipati. Mie nipo na Ibn Khaldun. Tizama manila yako, nyekundu yote kwenye nyumba moja, mfalme gani atavumilia?

Ukishawamaliza Baramika, usiruke kwenda karne nyengine, chora mishale. Nani aliingizwa na nani? Fadhl bin Sahl wa Sarakhs alikuwa Majusi, yaani wa dini ya kale ya Ajemi, alianzia kwa Baramika, akasilimu 806 hivi, akawa waziri wa Maamun, mtoto wa Harun aliyekuja kuwa khalifa, na akapewa jina la mwenye uongozi wa aina mbili, wa upanga na wa kalamu. Jibril bin Bukhtishu, tabibu, alifikishwa kwa Harun na Jaafar. Yahya bin Abi Mansur, mpima nyota, alikuwa kwa Fadhl bin Sahl kabla ya kuhamia kwa Maamun. Unaona? Nyumba ya Baramika ilianguka, mishale yake ikaendelea kutembea. Wanafunzi wangu wakishachora hii mishale ndio majina yanakaa, kwa sababu hukariri tena, unafata njia kama unavyofata ramani ya mtaa, huyu katokea kwa huyu.

Fadhl bin Sahl aliuawa hamamuni Sarakhs mwaka 818. Lakini nduguye Hasan akabaki, na binti yake Buran akaolewa na Maamun, na harusi yenyewe ilikuwa 825 pale Fam al-Silh, na hii wasimulie watu wa Unguja, sisi harusi tunazijua. Walitandikiwa mkeka uliofumwa kwa dhahabu, wakamwagiwa lulu juu yake. Wageni wakubwa wakarushiwa vidonge vya miski, ndani ya kila kidonge kuna kikaratasi, ukikifungua kimeandikwa shamba, au mtumwa, au farasi, unakwenda kwa wakili unakabidhiwa chako. Usiiache harusi hii ukidhani ni umbea wa kale. Ndugu mmoja kauawa, mwengine anampa khalifa binti, na nyumba inaendelea kuwa karibu na kiti. Iandike kwa nyekundu.

Wa elimu tupu, au karibu na tupu, ni hawa. Nawbakht, Majusi mwenye kujua nyota, yeye pamoja na Mashallah, Myahudi wa Basra, na wengine walichagua siku ya kuweka msingi wa Baghdad, tarehe 30 Julai 762. Nawbakht alipozeeka, Mansur akamwambia mlete mwanao akushikie nafasi. Kijana akaulizwa jina, akataja jina la Kiajemi refu refu mpaka Mansur akamwambia chagua, ama nilifupishe au ujiite Abu Sahl. Akachagua Abu Sahl, na ndie aliyekuja kutafsiri vitabu vya Kiajemi kwenye hazina ya vitabu ya Harun. Kwahiyo kama majina yanakushinda, yalimshinda khalifa pia. Ukoo huu uliendelea zaidi ya miaka mia na hamsini, wakatoka wanavyuoni wakubwa wa Kishia, na Husayn bin Ruh al-Nawbakhti, aliefariki 938, ni mmoja wa wale mabalozi wanne wa Imamu wa kumi na mbili, ndugu zetu Maithnaasheri wanamjua vizuri.

Bani Musa, ndugu watatu, Muhammad, Ahmad na Hasan, babaao Musa bin Shakir alitokea Khurasan na alikuwa karibu na Maamun. Hawa walijua jometria na ufundi wa mitambo, na walijua kutafuta vipaji. Inatajwa kuwa walikuwa wakilipa dinari 500 kwa mwezi kwa ajili ya watarjumani, Hunayn bin Ishaq na Thabit bin Qurra wakiwemo. Hapa nataka uandike kitu pembeni kwa herufi kubwa: KAZI YA TAFSIRI HAIKUFANYWA YOTE KWENYE BAYT AL-HIKMA. Watu wanapenda kuiweka Bayt al-Hikma, ile nyumba ya vitabu ya makhalifa, kama chuo kikuu kimoja kilichofanya kila kitu, ukweli ni kuwa sehemu kubwa ililipwa na nyumba za watu, mawaziri, matabibu, makarani, kila mmoja na mfuko wake na haja yake. Ukoo wa yule Yahya mpima nyota, Bani al-Munajjim, nao hivo hivo, mwanawe Ali bin Yahya alikuwa na maktaba kwenye shamba lake karibu na Baghdad, wageni wanakuja kutoka miji mbali mbali wanakaa wanasoma, chakula na malazi juu yake.

Hao akina Bukhtishu wa Gundeshapur waandike lakini kwa tahadhari. Jurjis aliitwa Baghdad 765 kumtibu Mansur tumbo, na wanawe na wajukuu wakawa matabibu wa makhalifa vizazi na vizazi. Ila walikuwa Wakristo wa Kisuriani, lugha yao ya elimu Kisuriani, japo wametokea ardhi ya Ajemi. Si kila aliyetoka Ajemi ni Mwajemi wa namna moja, na ukiwachanganya unapoteza uzuri wa jambo, maana uzuri ni kuwa ofisi moja ilikaa Majusi aliyesilimu jana, Mkristo, Myahudi na Mwarabu.

Na sisi je? Kila nikisomesha hii lazima mtu anyanyue mkono, "Mwalimu, kwani Washirazi wetu ndio hao?" Hapana. Khabari za Washirazi wa pwani hii ni mlango mwengine, una masimulizi yake na ushahidi wake, msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, miaka mia tatu baada ya Baramika kwisha. Usiwaunganishe kwa gundi ya mdomo. Na maneno kama serikali, bandari, nanga, dirisha, pamba, darubini, ni ya asili ya Kiajemi kweli, lakini yametufikia kwa bahari na biashara kwa karne nyingi, hayakuletwa na waziri wa Harun. Hili nalisema kwa mapenzi kwa sababu historia yetu inatosha kwa uzito wake, haihitaji kuazima.

Kuna kitu kimoja tu ambacho mie hukitumia kuwaunganisha wanafunzi na mada, nacho ni Nairuzi. Watu wa Makunduchi wanakoga mwaka kila Julai, na wazee wetu walihesabu miongo ya kilimo na bahari kuanzia siku ya mwaka. Basi Baghdad nako Nairuzi ilikuwa ni jambo la serikali, sio sherehe tu, mwaka wa kodi ya ardhi ulifunguliwa nayo. Tatizo kalenda ya Kiajemi ilikuwa ya siku 365 kamili, haina siku ya ziada, kwahiyo Nairuzi ikawa inarudi nyuma kidogo kidogo mpaka ikawa kodi inadaiwa na mazao bado mabichi shambani, mkulima anakopa ili alipe. Khalifa Mutawakkil akataka kulirekebisha 859, halikusimama. Khalifa Mutadhid akaiweka Nairuzi ya kodi tarehe 11 Juni, mwaka 895. Mchukue mzee yeyote aliyewahi kulima mpunga umwambie alipe kabla hajavuna, ataielewa siasa ya Baghdad kuliko mie nikisomesha wiki nzima.

Ukoo wa Tahir uweke mwisho wa upande huu wa karatasi, kwa sababu hapo kalamu na upanga zinahama kutoka Baghdad kurudi mashariki. Tahir bin Husayn wa Bushang karibu na Herat alimpigania Maamun, akamshinda jemadari wa Amin, khalifa na nduguye Maamun, pale Rayy 811, Baghdad ikaanguka 813, na 821 akapewa Khurasan. Mwaka wa pili Ijumaa moja akaacha kumtaja khalifa kwenye khutba, na akafa muda mfupi baada ya hapo. Wanawe waliendelea kutawala kutoka Nishapur mpaka 873, huku jamaa zao wameshika polisi ya Baghdad. Abdallah bin Tahir, aliyetawala 828 mpaka 845, wakulima walikuwa wakimletea kesi za mifereji ya chini ya ardhi, kanati, nani ana haki ya maji, na mafakihi hawakukuta hukumu yake vitabuni. Akawakusanya mafakihi wa Khurasan na Iraq wakaandika kitabu cha hukumu za kanati. Hapa sijui utumie peni gani, mie nimetumia zote mbili, mstari mmoja nyekundu mstari mmoja buluu.

Manila imejaa. Igeuze, juu andika Bukhara, anza na Wasamani, watawala wa kule, na waziri wao Balami, ambae mwaka 963 alianza kuigeuza historia ya Tabari, kitabu kikubwa cha historia, kutoka Kiarabu kwenda Kiajemi, miaka 260 na kitu baada ya Salih kuzigeuza hesabu za Hajjaj kwa njia ya kinyume chake, kutoka Kiajemi kwenda Kiarabu.